Shingo ya Gofu

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya zahanati hapa Singida, nyuma ya bibi mmoja, alipoingia ofisa anayetuhimiza kila siku tulime kwa pamoja. Shingo ilikuwa imemkakamaa. Akitaka kutazama pembeni, aligeuka mwili mzima.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umeumia shambani, mwanangu?”

“Hapana. Nilikwenda Arusha, nikacheza gofu.”

“Gofu ndiyo nini?”

“Unapiga kijipira kwa fimbo, kinakwenda mbali, unakifuata.”

“Halafu?”

“Unakipiga tena.”

Bibi alimtazama kwa huruma ya kweli. “Pole, baba. Nani alikulazimisha?”

Ofisa aligeuka mwili mzima, akaitazama foleni.

“Basi tangulia wewe,” bibi akamwambia. “Mimi shingo yangu ni ya madebe ya maji tu, imeshazoea.”

Na ofisa wetu akatangulia.