Kufuli Kwenye Boneti

Philemon Shitanda aliniita mwizi wa betri mbele ya waumini wa kanisa letu, mchana kweupe. Sikuwa nimeiba chochote. Yeye mwenyewe anajua hivyo, na nitasema alivyojua.

Philemon ni fundi wa umeme wa magari hapa Lubao. Ufundi aliupata kwa kukaa karibu na mafundi, kama paka anavyokaa jikoni. Taa yake ya kupimia waya huiweka kwenye mfuko wa shati ili watu waione, na akifungua boneti huguna kwanza. Watu huamini ule mguno.

Mwaka wa tisini na sita, shemeji yangu Cornelius, anayefanya kazi Bukura, alinunua gari kuukuu la otomatiki. Kila Ijumaa alililaza kwangu, kwa sababu boma langu lina lango na linapakana na kanisa. Siku za kazi gari lilikuwa zima. Likilala mpaka Jumapili, linaamka limekufa, haliwaki hata taa.

Jumapili moja baada ya ibada akamwita Philemon. Akaguna, akaingia ndani, akashika usukani.

"Sukumeni!"

Mashemasi wakavua makoti wakasukuma mpaka mtoni. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, lakini fundi wetu alikuwa akipiga kelele dirishani, "Ongezeni nguvu!"

"Fundi," akasema Edah, mwenyekiti wa akina mama, "kwa mwendo huo mtafika Kisumu wakati wa Krismasi."

Watu wakamcheka Philemon. Hakupenda. Akatazama huku na huku akitafuta wa kutupiwa kicheko hicho, akaona mlingoti wa televisheni juu ya nyumba yangu.

"Mama Beverly, hapa hakuna stima. Hiyo televisheni inakulanga nini?"

"Inakula betri yangu mwenyewe. Naipeleka kuchajiwa sokoni."

"Na ikiisha katikati ya mchezo? Si gari la shemeji liko hapo nje?"

Sasa wakanicheka mimi. Cornelius hakucheka, lakini aliangalia viatu vyake. Kabla ya wiki kuisha Edah alikuja kuchukua funguo za stoo ya sufuria za kanisa. Nilikuwa nimezitunza tangu mume wangu akiwa hai, na hata kijiko hakikuwahi kupotea.

Jumamosi iliyofuata Philemon alikuja kufunga boneti kwa mnyororo, betri isiibwe. Nilikuwa nafagia. Gari lilikuwa limelala tangu jana yake. Akafungua buti, kule nyuma ya gari, aweke vyombo vyake, mkono ukagusa kile kitaa cha ndani.

"Aai!" Akapuliza vidole.

Nimeishi na taa za chemni. Taa iliyowaka sasa hivi haichomi mtu namna hiyo. Philemon akabonyeza kile kidude ambacho kifuniko hukikandamiza ili taa izime. Kilikuwa kimekwama. Kumbe buti likifungwa, taa inaendelea kuwaka humo gizani, inakula betri. Akanyonga balbu ikatoka, akaitia mfukoni.

"Fundi, ndiyo hiyo imekuwa ikimaliza betri?"

"Mama, mambo ya waya waachie wenyewe."

"Basi kesho uwaambie watu."

"Niwaambie nini? Kwamba nilisukumisha mashemasi bure?"

Akafunga mnyororo na kufuli.

Kesho yake gari likawaka mara moja. Watu wakaangalia kufuli, kisha wakaniangalia mimi. Nilimwambia Cornelius aangalie mahali pa balbu. "Shemeji, yaishe," akasema. "Gari si linawaka?"

Philemon sasa amepewa kutunza vipaza sauti vya kanisa, na magari kadhaa Lubao yamevaa minyororo.

Ana deni langu. Asimame na kipaza sauti chake mbele ya watu walewale, aseme betri ililiwa na taa ya buti. Cornelius aondoe hiyo kufuli, maana gari bado linalala kwangu. Na Edah arudishe funguo, azilete mwenyewe. Siendi kuziomba.