Halua ya Kupigwa Risasi

Baba mkwe wangu, Bwana Bakhit, ni mtu wa kulenga shabaha. Ukiingia sebuleni kwetu hapa Ansab, Maskati, utaviona vikombe vyake vya ushindi vimejipanga kabatini, na mkewe, Mama Mahfoudha, huvipangusa vumbi huku akinung'unika kwamba hakuna hata kimoja kinachofaa kunywea chai. Tangu astaafu serikalini, kila Ijumaa asubuhi huvaa kanzu safi, akachukua mkeka wake, akaenda kilabuni kulala kifudifudi na kutoboa karatasi iliyobandikwa mbali huko. Kiumbe chenye roho hajawahi kukipiga. Mende akipita ukutani, humwita mkewe.

Mimi nimeolewa na mtoto wao mdogo, Hisham, nikaja hapa kutoka Wete. Namnyonyesha binti yangu Aseel, kwa hivyo saa nyingi nipo kwenye kochi la pembeni, na watu wakishazoea kukuona unanyonyesha, huzungumza mambo yao kama vile hupo.

Ndivyo nilivyoisikia simu ya Sinan, mtoto wao mkubwa anayefanya kazi Amerika. Alikuwa amemkatia babake kibali cha kuwinda elki. Huyo ni mnyama wa milima ya huko, jamaa yake paa, lakini ana kimo cha farasi, na pembe zake kama mkarafuu uliopukutika majani. Kibali kimoja, mnyama mmoja. Bunduki ipo kwa Sinan. Baba alitakiwa aje yeye na jicho lake tu.

Baba alifurahi hata akamkumbatia Aseel akiwa bado kifuani kwangu, maziwa mdomoni. Mama hakufurahi.

"Karatasi ukiitoboa vibaya haiumwi," alimwambia. "Huyu ana roho. Ukimpiga akakukimbia na jeraha, akenda kufia huko msituni, utakuwa umemtesa, na nyama yake hailiki. Sasa nisikilize. Pasi yako ya kusafiria nnayo mimi, na itakaa kabatini kwangu mpaka unionyeshe risasi itakayomlaza palepale."

"Mama Sinan, risasi nnayo! Ile ile iliyonipa vikombe."

"Vikombe havikukimbia."

Basi Baba akaanza kusoma. Alisoma kwenye simu, akasoma mezani, akasoma chooni mpaka tukabisha hodi. Akawa ananieleza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina pa kwenda. Akaniambia risasi yake ya karatasi ni nyepesi, ganda lake jembamba, inakwenda kasi na inapiga panapotakiwa. Ipo nyingine nzito, ya shaba nyekundu tupu, ambayo ikiingia mwilini hutanuka kama uyoga lakini haivunjiki. Wawindaji wa huko wanaisifu hiyo. Yeye haipendi. Inapiga teke begani, tena kwenye karatasi hutawanya matundu.

"Kama mpishi wa kuazima," alisema. "Kila chungu kinatoka ladha yake."

"Sasa Baba, utajuaje ipi?" nikamuuliza.

Akatazama mlangoni kama mwizi. "Mabingwa wanapiga kwenye jeli. Jeli nzito, mfano wa nyama. Halafu wanaangalia risasi imekwenda wapi. Sasa niambie wewe, hapa Maskati jeli nzito tunayo au hatuna?"

Sikumwelewa. Siku ya pili nikafungua kabati la nepi za Aseel, nikakuta nyuma ya nepi kuna kasha la plastiki limejaa halua mpaka juu. Halua nyeusi, ya zafarani na lozi, ya kutosha harusi. Kabla sijarudisha nepi, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Harufu ya hiliki ilimvuta tangu jikoni.

Hapa lazima mjue kwamba Baba ana sukari, na halua katika nyumba ile imepigwa marufuku tangu mwaka juzi.

"Bakhit!" Mama hakumwita baba wa mtu. "Halua kwenye nepi za mjukuu wako?"

Baba akaja, kofia mkononi. "Si ya kula, wallahi. Ni ya kupiga risasi."

Nimeona wanawake wakidanganywa, lakini sijapata kuona aliyedanganywa kwa maneno kama yale, na mbaya zaidi, yalikuwa ya kweli.

"Ya kupiga risasi."

"Ndiyo."

"Na hapa pembeni, palipochimbwa kijiko?"

Baba akapainamia, akapachungua kama mtu anayepaona mara ya kwanza. "Hapo nlikuwa napima ulaini."

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya kitanda. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akasema na yeye atakwenda kilabuni, na lile kasha atalipakata yeye njia nzima.

Tukaenda Ijumaa, nami nikiwa na Aseel. Njiani tulipitia buchani, Mama akanunua bega la ngamia, bichi, lenye nyama na mfupa wake. "Mnyama gani ana halua tupu ndani?" alisema. "Mbele yake pana mfupa. Tumjaribu kwa haki."

Yazid, msimamizi wa kilabu, alipoona bega la ngamia na kasha la halua vinashushwa garini akamuuliza Baba, "Mwalimu, leo kuna karamu?"

"Kuna mtihani," akajibu Mama. "Na anayesahihisha ni mimi."

Yazid akaliweka lile kasha mbele ya tuta la mchanga, akaliegemeza bega mbele yake. Baba akalala kwenye mkeka. Aseel nilimziba masikio na kumfunika kwa mtandio. Kwanza ile nyepesi. Mlio mmoja, bega likatikisika, na Baba akainuka anatabasamu, maana alipiga katikati ya katikati.

Tukasogea kutazama. Bega lilichanika vibaya, limetapakaa kama lililopigwa na gari. Lakini halua ilikuwa imekaa kimya. Juu juu tu palikuwa na vipande vidogo vya risasi, vimemwagika kama ufuta. Ilipogonga mfupa ilivunjika yote.

"Huyu amekimbia," alisema Mama. "Anachechemea, lakini amekimbia. Anawalaani watu wa Ansab."

"Halua bado laini," akasema Baba. "Ingelala siku mbili zaidi..."

"Lala wewe. Piga ile nyingine."

Yazid akaligeuza bega upande mzima. Mara hii mlio ulikuwa mnene, na teke lake lilimrudisha Baba nyuma pamoja na mkeka. Tulipofika, bega lilikuwa na tundu moja dogo, la kuingiza kidole. Mama akapiga magoti kwenye mchanga, akatoa mwiko mkobani (alikuja nao, sijui alijuaje) akaupitisha mpini kwenye halua. Ukaingia, ukaingia, ukatokea nyuma. Ndani palikuwa na nafasi pana kama ngumi.

Baba alikuwa anasugua bega lake, anatazama ile njia iliyonyooka. Nilimwonea huruma. Risasi yake nyepesi ndiyo iliyomfanya awe Bwana Bakhit, na sasa ilikuwa imelala pale, ufuta juu ya halua.

"Baba Sinan," Mama alimwita kwa sauti ya chini, "kama ungekuwa wewe ndiye mnyama, ungetaka upigwe na ipi?"

Baba akafikiri. "Mimi ningetaka nisipigwe."

Yazid akageukia upande wa pili, mabega yanamcheza.

"Na kama lazima?"

Baba aliinyooshea kidole ile njia.

Mama akafungua mkoba wake, akatoa pasi, akampa. Alikuwa nayo muda wote. Kisha akakata upande wa halua ambao haukuguswa, akampa Yazid, akanipa mimi, akamwonjesha Baba kwa ncha ya kijiko. "Pima ulaini," alimwambia.

Alisafiri mwezi wa kumi. Tukakaa siku nyingi hatusikii kitu, milimani hamna mtandao. Mama akawa anapangusa vikombe mara mbili kwa siku. Halafu asubuhi moja tunachambua mchele, simu yake ikalia: ujumbe wa sauti, umechelewa njiani. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi la mchele, nikambonyezea.

Sauti ya Baba ilikuwa inatetemeka, kwa baridi au kwa kingine. "Mama Sinan. Nlitaja jina la Mungu, nkapiga. Mara moja tu. Hakupiga hata hatua. Alikaa chini kama ngamia anayepigishwa magoti, akalala. Nmekaa karibu yake mpaka sasa." Tukasikia upepo. "Nlipiga na ile yako. Ile nzito. Bega linaniuma vibaya."

Mama akaendelea kuchambua mchele, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Mwanangu," akaniambia bila kuinua uso, "hebu irudishe. Hapo mwisho sijasikia vizuri."

Nikairudisha. Kisha akaniambia niirudishe tena, eti upepo.