Haki ya Duara

Mwavita, jirani yangu hapa Uvira, alirithi makasi ya kukatia bati kwa marehemu baba yake, Nasoro, na kwa makasi hayo akawalisha watoto wanne. Alitengeneza ndoo na mapipa. Kipimo chake kilikuwa kamba: aliinyoosha kukatisha kitako cha pipa, akahesabu upana huo mara tatu juu ya bati, kisha akaikunja kamba sehemu saba na kuongeza sehemu moja. Ile nyongeza mafundi wa bati waliiita haki ya duara. Chombo kiwe kikubwa au kidogo, kitaidai tu.

Mwaka wa tisini na nane waasi waliuteka mji, na komanda wao akaleta mabati, akaagiza pipa la maji la kambi. Huyo alipenda kubadilisha mambo. Alikuwa ameshabadili bendera, chifu wa mtaa, hata saa ya kufungua soko. Alipomwona Mwavita anapima nyongeza, akamnyang'anya makasi.

"Weye mama, uko mwizi! Mara tatu inatosha. Hii kipande iko ya nani?"

"Iko ya duara, Komanda."

"Tangu lini duara inakulaka bati? Minye nilisoma! Kuanzia leo ni tatu tu."

Akaapa kwamba tatu ikitosha, makasi hayarudi na Mwavita atachapwa fimbo mbele ya soko. Mwavita akainamisha kichwa kwa adabu iliyonitia wasiwasi, maana namjua.

"Basi ukate mwenyewe, Komanda, minye nisikuibie tena."

Komanda akakata tatu kamili, akalizungusha bati kwenye kitako. Ncha hazikukutana. Akavuta, akakandamiza kwa goti, akaita askari wawili wasukume. Pengo likabaki, mkono unapita. Akapima ndoo, akapima karai la muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akitafuta walau chombo kimoja cha kumtii. Sisi majirani tuliokusanyika tuliuma midomo tusicheke.

"Uiamuru duara ifunge," Mwavita akasema. "Weye ndiyo mukubwa hapa."

Nilimchukia kwa ulimi ule, maana ungeweza kutuponza sote. Lakini komanda alimtupia makasi, akaondoka bila kututazama. Mwavita akaketi chini, akayaokota na kuyafuta vumbi.

Kesho yake tangazo lilibandikwa sokoni: kwa amri ya komanda, vyombo vyote vya duara vimeruhusiwa nyongeza. Mwavita akalisoma mara mbili, kisha akanituma kambini nikaulize kama ndoo zake za zamani nazo zimesamehewa.

Nilikataa. Mimi pia nina watoto.