Mjane Aliyeogopa Kukata Rufaa

Siku yangu ya kwanza kazini nikiwa hakimu, katika mahakama ya mwanzo wilayani Handeni, hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wetu, alinikuta nikiandika uamuzi kabla mdaiwa hajamaliza kusema. "Weka kalamu chini," aliniambia. "Huyu ametembea toka alfajiri aje kusema. Mwache amalize."

Baadaye nilihamishiwa Korogwe nikiwa hakimu wa wilaya, na baada ya miaka mingi nikapanda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Huko hatukusikiliza mashahidi. Tulikaa majaji watatu, tukasoma mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakama za chini, tukapima kama sheria ilifuatwa. Mwenyekiti wa jopo letu hakuvumilia maneno mengi. "Wakili, kosa liko wapi?" aliuliza. Nilistaafu nikiheshimiwa, na heshima ile niliifurahia.

Nikarudi kijijini kwetu Kwaluguru kulima. Siku moja, penye lambo la kunyweshea mifugo, nilimkuta Mama Nashipai, mjane wa jamii ya wafugaji. Nilimwuliza kwa nini anawaswaga ng'ombe mbali hivyo, wakati malisho yake yanapakana na shamba letu.

"Yale ameyachukua mdogo wako Athumani, mzee. Alinishinda kwenye baraza la ardhi, ulipokuwa bado jaji."

"Mbona hukukata rufaa?"

Ndipo akaniangalia usoni. "Alisema huko juu nitakukuta wewe."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya porini ili nisikutane na mtu.

Athumani hakukana. "Kaka, nilitaja jina lako tu. Wewe sikukuomba chochote."

"Jina ndilo lililomtisha," nilimwambia. "Rudisha malisho ya watu."

Alikataa. Muda wa rufaa ulikwisha kupita zamani, lakini sheria inaruhusu kuomba uongezwe ukiwa na sababu ya msingi, na sababu ya mjane yule ilikuwa mimi. Nikaapa kiapo cha maandishi kuunga mkono ombi lake dhidi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Karani aliyekipokea aliwahi kufanya kazi chini yangu. Alikisoma, akagonga mhuri, hakuniangalia tena. Mahakama Kuu iliongeza muda, rufaa ikasikilizwa, mama yule akashinda. Athumani hanisalimii mpaka leo.

Wanasheria vijana hunitembelea, wananiita Mheshimiwa, wanataka niwasimulie hukumu zangu kubwa. Mimi huwasimulia habari hii.

Ng'ombe waliporudi malishoni, nilikwenda kwa Mama Nashipai kumwomba radhi. Alinipa kibuyu cha maziwa. "Wewe hukunikosea, mzee," alisema. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na wengine walioambiwa hivyo, unawajua?"

Nilibaki nimekishika kile kibuyu, nikashindwa kunywa.