Kadi ya Kona Nyekundu

Otmar hakuwa daktari, na aliyemwita daktari alimkera. Alikuwa karani wa kadi katika hospitali yetu ndogo ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Ushirombo. Mimi Febronia nilikuwa nesi wa sindano hapo hapo kwa miaka kumi na mmoja. Wanaomkumbuka leo wanamkumbuka kwa utani tu: mrefu, kalamu sikioni, kutwa anagombana na panya. Panya walikuwa wanakula faili zetu, ni kweli. Lakini kumkumbuka mtu kwa panya wake ni kumwonea.

Kabla yake mgonjwa alipewa nambari kwenye kipande cha karatasi, arudi nacho. Nani arudi nacho? Kina baba walisokotea tumbaku, kina mama walikifunga kwenye pindo la kanga, na kanga ikafuliwa. Basi kila aliyerudi alikuwa mgeni, tunamuuliza upya tangu mwanzo. Mwaka 1974 watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, foleni ilizunguka jengo, na mimi nikawa napayuka tangu asubuhi kama muuza nyanya.

Otmar hakupayuka. Wiki nzima aliketi nje kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akisikiliza wanachoelewa na wasichoelewa. Kisha akaja kwetu manesi, mmoja mmoja: "Ukishika kadi, jicho lako linatafuta nini kwanza?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikamwambia natafuta kile kitakachomuua mgonjwa. Akacheka, lakini aliandika.

Akachonga sanduku la mbao za mninga lenye droo za herufi, akakata kadi ngumu. Mgonjwa hakubeba kitu tena, anataja jina lake dirishani, basi. "Nambari husahaulika," alisema, "jina lako utalisahau vipi?" Kwa dozi alichora kwenye pakiti ya dawa jua linachomoza, jua la utosini, jua linazama, na bibi asiyejua hata herufi moja alikwenda nyumbani akijua ameze lini. Na yeyote aliyewahi kudhuriwa na dawa, kona ya kadi yake ilipakwa wino mwekundu. Foleni ikapungua nusu. Sista Apolonia, mkuu wetu wa hospitali, alimsifu mbele ya watu baada ya misa, na Otmar akawa anatazama viatu vyake. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Sasa nifike kwa Paskazia, maana nikiachiwa nitasifu hadi kesho. Alikuwa mkulima wa pamba wa kijiji jirani. Mwanawe Ansgar, wa mwaka mmoja na nusu, aliletwa na kifua nikiwa masomoni Mwanza. Akachomwa penisilini, akavimba midomo na koo. Sista alimwokoa kwa shida, na Otmar akapaka ile kona wino kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumbani, kule kuvimba kulielezwa vingine. Mtoto anadaiwa jina, wakasema wakubwa. Mganga akapiga ramli, ikaonekana marehemu baba wa babu yake anataka mtoto aitwe jina lake. Pombe ikamiminwa, ushanga mweupe ukafungwa mkononi, na tangu siku hiyo mtoto akawa Nkwabi. Jina la kwanza halikutamkwa tena, maana ukilitamka unauita ugonjwa urudi. Paskazia alikuja kutueleza haya baadaye, lakini desturi yenyewe haikuwa siri. Mdogo wangu alibadilishwa jina hivyo hivyo. Otmar naye ni mtoto wa vijiji hivyo hivyo. Tulijua! Tulikuwa tunayaacha hayo mlangoni pamoja na vumbi la miguu, tukidhani kila anayeingia anafanya hivyo.

Miezi minane baadaye kifua kikamrudia mtoto. Paskazia akafika dirishani.

"Jina la mtoto, mayu?" aliuliza Otmar, kwa Kisukuma cha heshima anachomwitia kila mama.

"Nkwabi."

Sura ya mama hakuikumbuka, kwa wingi wa waliopita pale. Akapekua droo ya N. Hakuna. "Amewahi kutibiwa hapa?"

"Nkwabi? Hajawahi."

Hakudanganya. Nkwabi alikuwa hajawahi. Otmar akaandika kadi mpya, kona zote nne nyeupe, ikanifikia mezani. Nikatazama kona kwanza, kama tulivyokubaliana. Nikachoma.

Sitaeleza yote. Dakika tano hazikuisha. Sista alikuja mbio, akafanya alichofanya mara ya kwanza, na safari hii hakikufaa. Paskazia alipoona macho ya mtoto yamegeuka, akasahau mganga, mizimu na wakubwa wote, akapiga yowe: "Ansgar! Ansgar wee!"

Otmar alisikia kule dirishani. Nilisikia droo ikivutwa. Akaingia na kadi mkononi, ile ya kona nyekundu, akasimama nayo katikati ya chumba. Hakujua aiweke wapi.

Alijaribu kurekebisha. Akawa anauliza kila mama, "Ana jina jingine la zamani?" Wengine walinyamaza, wengine walisema hana huku ushanga unaonekana mkononi. Mmoja alimbeba mwanawe akaondoka naye na homa yake. Akajaribu kupanga kadi kwa jina la baba, na nusu ya kina baba wana majina matatu matatu. Nikamwambia kosa ni langu pia, mkono ulikuwa wangu. "Wewe ulisoma nilichoandika," akanijibu. Nilimkasirikia, maana ilikuwa kweli na haikumsaidia yeyote.

Baada ya matanga Paskazia alikuja, bila mgonjwa.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba, mayu. Pole."

"Nimesikia lile jina bado mnalo. Limeandikwa, limo sandukuni."

"Limo."

"Basi ndilo lililomuua. Sisi tuliliacha, ninyi mkaliweka. Lilikuwa linamwita."

Otmar angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza. Yeye akaeleza yote: dawa, kadi mbili, swali ambalo hakujua kuliuliza. Paskazia alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Dawa hiyo hiyo mlimchoma mtoto wa dada yangu, akapona," akasema. "Usijisumbue, karani. Nipe nikalichome moto."

Kadi haikuruhusiwa kutoka. Otmar akampa. Paskazia akaikunja, akaitia kifuani, lakini hakuondoka. Akaweka mkono tumboni.

"Huku kuna mwingine. Akiugua nitamleta kwenu, sina pengine. Lakini msimwandike."

Nilifungua mdomo nimpinge. Otmar akaniwahi.

"Hatutamwandika, mayu."

Alizaliwa msichana. Aliletwa mara tisa katika miaka mitatu, akipokewa na nesi yeyote aliye zamu, na kila mara alitibiwa kama mtoto anayeonekana kwa mara ya kwanza. Zamu ikiwa yangu, nilisimama na sindano, na Otmar alisimama kando yangu mikono mitupu, bila kadi.