Siku Niliyomshitaki Mgeni Wangu wa Kwanza

Hii sikutaka kuisimulia, lakini mtaa mzima wa Bweri hapa Musoma wanayo tayari na kila mtu ananiongezea ujinga wake, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Mnanijua. Darasa la saba sikumaliza, lakini nyumba ya wageni nimejenga, ina vigae, ina friji, ina kitanda ambacho hata mimi sijawahi kukilalia. Yote hiyo ni udalali wa ng'ombe kwenye minada ya Bunda, miaka mingi, kwa mdomo huu huu. Sasa nikasikia kuna mtandao unakuletea wageni wa siku mbili tatu, nikamwambia mke wangu aniandikishe. Akafika kwenye maandishi marefu, akauliza, "Baba Bhoke, hapa wanaeleza makato yao, nikusomee?" Nikamwambia mimi huwa sisomewagi, bonyeza kubali twende.

Mgeni wa kwanza akaja, mwalimu mstaafu kutoka Mwanza, mama mpole, mjukuu wake anapata kipaimara Kamunyonge. Bei yangu elfu sitini kwa usiku, siku mbili, laki na ishirini (nilishaitangaza dukani, kwa kinyozi, mpaka kanisani). Kesho yake asubuhi ujumbe wa benki ukaingia: laki moja na kumi na sita. Elfu nne haipo.

Mke wangu akasema tusome kwanza. Nikasema mtu akikupunja elfu nne leo, kesho anabeba friji. Nikapanda bodaboda kumfuata mwenyekiti wa mtaa, Mzee Wambura, mtu wa Butiama aliyehamia huku, na majirani walipoona mwenyekiti kapakiwa asubuhi asubuhi wakatufuata, wengine na mswaki mdomoni. Tukamkuta mama barazani anakunywa chai.

"Mama," nikasema, na sauti nikaipandisha ili hata wa nyuma wasikie, "umenilipa pungufu. Mimi sichezewi."

Mama hakukasirika, ndicho kilichoniumiza. Akampa mwenyekiti simu yake. Mzee Wambura akavaa miwani, akasoma taratibu kama anasoma wosia.

"Marwa, huyu mama amelipa laki moja na thelathini na saba."

"Haiwezekani. Bei yangu ni laki na ishirini."

"Ndiyo, na juu yake wamemwongezea ada ya mgeni. Halafu wewe kwenye hiyo laki na ishirini wamekukata ada ya mwenye nyumba. Wenye mtandao wamekula huku na huku. Si ulikubali?"

Mke wangu akatazama bati.

Nikaanza kufoka, kwamba huo ni wizi, utamkataje muuzaji na mnunuzi kwa mali moja, tena kila mmoja hajui la mwenzake. Mzee Wambura akavua miwani.

"Mwaka ule uliniuzia fahali wangu mwekundu. Ulinikata, ukasema ndiyo mnada ulivyo. Jioni nikakaa kwenye supu na aliyemnunua, akaniambia na yeye ulimkata." Akamrudishia mama simu. "Mbona mimi sikukuitia mwenyekiti?"

Jamani, watu walicheka mpaka mwenye mswaki akapaliwa. Mama naye akacheka, akaniambia, "Kaa unywe chai, baba, tumekatwa wote." Nikaketi kwenye kiti changu mwenyewe kama mgeni.

Nilichokuwa naogopa sasa ni ile sifa wanayoandikaga wageni wakiondoka, maana ya kwanza ikiwa mbaya nani atakuja tena? Nikambembeleza kwa sato wawili wa kukaanga. Akaandika: "Nyumba safi, maji yapo, sato watamu. Mwenyekiti wa mtaa analetwa asubuhi, bila malipo ya ziada." Nyota tano.

Siku hizi kabla ya kubonyeza kubali nasomewa mpaka nukta ya mwisho, na makato yao nimeshayaweka ndani ya bei. Ila kumwita mtu mwizi mbele ya watu sirudii, maana Musoma hii sijui wangapi waliuza ng'ombe kupitia kwangu. Mzee Wambura tukikutana hanisalimii tena habari za asubuhi. Anauliza, "Marwa, fahali wangu mzima?"