Siku Nne Kwenye Daftari la Joto

Usiku ule nililala na hasira, hata viatu sikuvua. Wiki tatu nzima mimi na Neema, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, tulikuwa tukipima joto la kiangazi chini ya korongo moja karibu na Ziwa Natron, na kipimajoto chetu cha betri kilikuwa kimetuangusha siku zilezile tulizozifuata. Joto lilipopanda kuliko siku zote, chenyewe kikazima. Siku nne! Tulikipepea, tukakibembeleza kama mtoto mgonjwa, wapi.

Siku ya pili kati ya hizo, mama Naserian, anayechimba maji kwenye mchanga wa korongo, alianguka mchana kweupe. Tukambeba hadi kwenye kivuli cha mwamba, tukammwagia maji yake mwenyewe. Alipofumbua macho akauliza, "Leo mashine yenu imesema nini?" Nikajifanya sikusikia.

Jioni ya usiku ule, kabla ya kulala, Neema akachoka na kununa kwangu. "We weka wastani wa siku za jirani, yaishe. Nani atajua? Msimamizi akiona mapengo ataturudisha huku mwakani."

Nikachukua penseli, nikajaza siku zote nne kwenye daftari letu la joto. Kazi ya dakika mbili. Nilichukia jinsi namba zilivyopendeza.

Usingizi uliponipitia, nikajikuta korongoni tena, ila kuta za mwamba zimepakwa chokaa kama shule yetu ya sekondari kule Lushoto. Katikati ya mchanga kimesimama kile kisanduku cheupe cha kupimia hali ya hewa, na mbele yake Mwalimu Mzava, aliyetufundisha jiografia, marehemu sasa mwaka wa tatu. Amevaa sweta lake la kijivu. Kwenye joto lile, sweta!

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Mtu aliyekuwa akiitikia hata salamu za watoro! Nikamsalimia tena.

Akaninyooshea daftari la shule, lile alilolijaza kila asubuhi kwa miaka yote aliyofundisha. Nafunua kurasa: mvua, joto, upepo, kwa mwandiko wake wa kulala. Mchanga unakuwa sakafu ya darasa, nami nimeketi dawati la mbele, miguu haifiki chini. Ukurasa mmoja una mstari mtupu.

"Hapa kulikuwa na nini, Mwalimu?"

"Nilimzika mwanangu."

"Si ungeweka tu ya jana yake? Joto la Lushoto halibadiliki sana."

"Ningeweka, ungeniuliza?"

Nikapandwa na hasira, ile ya mtu aliyekamatwa. Nikamwambia tumekula vumbi wiki tatu, midomo imetupasuka, na kwamba yeye anaweza kusema apendavyo kwa sababu wafu hawana wasimamizi. Alikuwa akifuta vumbi kwenye kisanduku kwa leso, taratibu, kama alivyozoea.

Nageuka, namwona mama Naserian amelala sakafuni katikati ya madawati. Wanafunzi wanamruka wakienda kuketi. Hakuna anayeinama. Ubaoni, kwa mwandiko wangu mimi, pameandikwa: siku ya kawaida.

Nafuta. Nafuta kwa kiganja, vumbi la chaki linaniingia machoni, na maneno hayatoki upesi. Yanapotoka, nasikia sauti nyuma yangu.

"Marahaba."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka na Neema alikuwa akikoroma. Nililifungua daftari, namba zangu nzuri zilikuwa palepale. Nikachukua raba nikazifuta zote nne, pembeni nikaandika: kipimajoto kilizima kwa joto.

Neema aliamka akaona. "Umetumaliza," akasema.

"Najua."

Na nilijua kweli. Mwaka mzima si kitu kidogo, na nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Mara nikasikia ndoo za mama Naserian zikigongana kule nje. Nikatoka mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile uliniuliza mashine imesema nini."

Akasimama akanitazama.

"Haikusema kitu, mama. Nayo ilianguka."

Akazitua ndoo zake chini. "Na umeandika hivyo?"

"Nimeandika."